Shoka la Baba na Chensoo ya Wakwe

Wiki iliyopita mti mkubwa ulianguka hapa Iringo, jirani na duka ninaponunuaga unga, wakaja vijana wawili na chensoo kuukata ili njia ipitike. Mlio haukunisumbua, mjini milio imejaa. Kilichonishika ni harufu: petroli iliyochanganywa na oili, na ndani yake ule utamu wa mti mbichi uliopasuliwa sasa hivi. Nikasimama palepale njiani. Mwenye duka akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia ni jua tu. Nilimdanganya, kulikuwa na wingu.

Mama yetu tumemzika juzijuzi, mvua zilipoanza. Pengine ndiyo sababu. Mtu akifiwa na mzazi wa mwisho, vitu alivyokuwa amevifungia vinaanza kugonga mlango.

Mimi niliishia darasa la saba, lakini tangu usichana nina daftari langu la kuandikia mambo. Tatizo langu ni kwamba nikirudia kusoma naona nimejipendelea, nafuta. Kwa hiyo haya nitayaandika polepole. Nitajaribu nisijipendelee, na pia nisiwaonee wengine, maana katika jambo hili hakuna aliyekuwa mbaya ukinitoa mimi, na mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Sijui kama hiyo inanitetea. Kuna siku naona inanitetea, kuna siku naona hapana.

Tulikaa kijiji cha ufukweni, ukishapita Murangi. Nyie wa rika langu mliokulia pembeni mwa ziwa mtakumbuka jinsi ilivyokuwa: mwanaume alijulikana kwa mtumbwi wake na nyavu zake, na asubuhi watoto tulikimbilia ufukweni kuona baba wa nani amerudi na sato na baba wa nani amerudi na furu tupu, visamaki vya kidole. Mimi sikuwa na wa kumkimbilia. Baba yangu alikuwa mtu wa shoka. Alichanja kuni za wachoma matofali, za jiko la shule, na za akina mama waliokaanga samaki. Mtu akipata msiba au sherehe alimtuma mtoto kwetu, "Mwambie baba yako tuna shughuli," na baba alibeba shoka begani akaenda.

Lilikuwa na kichwa cheusi, kazi ya mhunzi mmoja wa upande wa Bunda, na mpini wa mkole uliong'aa pale mikono ilipokaa. Alilinoa kwenye jabali nyuma ya nyumba, akilimwagia maji kidogokidogo, na mimi nikiwa ndani nilijua kwa sauti tu kama limeshakubali: mwanzoni jiwe linakwaruza, mwishoni linanong'ona. Hakuwa anapiga kwa nguvu kama vijana. Gogo aliligeuza kwanza kwa mguu, akatafuta ule ufa ulioanzishwa na jua, halafu akaliacha shoka lishuke kwa uzito wake. Gogo linalia mara moja tu, linafunguka. Mgunga kwa ndani ni mwekundu. Nilipenda kuokota vibanzi vikiwa bado na unyevu, nikavinusa. Hilo nalikumbuka kwa raha na sitaki kulifuta, hata kama yanayofuata si ya raha.

Kila alipochanja kuni, mama alikaa karibu. Alikuwa na kisiki chake. Alikaa hapo akichambua mchicha au akisuka ukili, hasemi kitu, na baba naye hasemi kitu. Hata akiitwa kwa watu, mama alitafuta sababu ya kwenda naye. Watoto wenzangu waliliona hilo kabla yangu.

"Baba yako anafuatanaga na mama yako kama ndama," aliniambia msichana mmoja tukiwa tunachota maji kisimani.

"Mwongo."

"Mwongo wapi? Haya, ziwani anaingiaga?"

Haingii. Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu. Baba hakuingia ziwani hata kuoga, alioga maji ya ndoo nyuma ya nyumba na mama akiwa nje ya ua. Baiskeli tulikuwa nayo lakini aliikokota, hakuipanda. Bati likivuja alipanda mjomba. Motoni hakukaa karibu, na akikaa mama alimwambia sogea huku. Kuna asubuhi nyingine aliamka jua likiwa juu, ulimi umevimba, anaongea kama mtu mwenye kitu mdomoni, na shuka lake limeshafuliwa linaning'inia kwenye kamba. Mama alisema ni homa. Mimi kwa akili yangu nilijua ni pombe, maana kanisani tulishahubiriwa habari za walevi wa siri, wale wanaoficha hata watoto wao. Nikaunganisha: baba ni mwoga, na usiku anakunywa ili ausahau uoga wake. Niliona nimegundua jambo la kikubwa. Sikumwambia mtu, ila niliacha kukaa karibu naye akichanja kuni, na yeye akiniita kuokota vibanzi nilisema nina kazi ya shule.

Dada yangu Nyamisi alikuwa ameshamaliza shule siku nyingi. Alikuwa akijifunza kushona Nyegina, huko ndiko alikojuana na Magesa, kijana wa upande wa Butiama. Magesa alikuwa mpole, mwenye kucheka kwa kuinamisha kichwa. Dada alipotajiwa jina lake alikuwa anapigapiga mikunjo ya sketi yake kama mtu anayefuta vumbi ambalo halipo. Wazee walishakutana, ng'ombe walishakubaliwa, ilibaki siku ya kuwaleta.

Kwetu ilikuwa hivi: kabla ya ng'ombe kuletwa, vijana wa upande wa muoaji wanatangulia kuja kwa wakwe kufanya kazi, na kazi ya kwanza ni kuni za sherehe. Watu wanakuja kuwaangalia mikono. Na kuna jambo jingine ambalo vijana wa siku hizi hawalijui sana. Mama mkwe hajichanganyi na wakwe zake wa kiume. Anapita pembeni, anajifunika, chakula anakituma kwa mtoto. Akikutana nao njiani yeye ndiye anaingia majanini. Ndiyo heshima, na mama yangu alikuwa mtu wa kuishika.

Kwa hiyo siku ile kisiki chake kilikuwa kitupu.

Aliniita mapema, jikoni. "Leo mimi siwezi kukaa pale. Utakaa wewe. Usiende kucheza."

"Nikae nifanye nini?"

"Ukae tu, umwangalie baba yako. Ukimwona amesimama tu, ameganda, macho hayarudi, njoo uniite. Usipige kelele mbele ya watu. Njoo hapa kwangu taratibu, uniite."

Niliitikia. Nilidhani anaogopa baba asilewe mbele ya wageni. Niliona aibu hata kabla hawajafika.

Wakaja wanne, kwenye pikapu. Magesa, rafiki zake wawili, na kaka yake mkubwa aliyeitwa Mugaya, ambaye alikuwa anafanya kazi ya kukata mikaratusi ya nguzo. Mugaya alishuka na kitu kilichofungwa kwenye gunia. Alipolifungua gunia watoto wa kijiji kizima walijaa mbele ya nyumba kwetu. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kuona chensoo kwa karibu. Rangi yake ilikuwa kama ya embe bivu, meno yamejipanga kwenye mnyororo, na ilinuka mjini.

"Mzee, shikamoo," Mugaya akasema. "Leo shoka lipumzike. Sisi tumekuja na dume letu la chuma."

Baba akacheka. "Linakula nini dume lenu?"

"Petroli tu, mzee. Na halivimbiwi."

Akavuta kamba, ikaguruma. Kuku wakaruka hadi juu ya ghala. Gogo la mgunga ambalo baba angelitolea jasho mpaka jioni lilikatika kama muhogo, vumbi jekundu likaruka, na wale wenzangu wa kisimani wakapiga vigelegele. Nilisimama pale nikiwa na kiburi cha watu wengine. Nilijiambia hawa ndio ndugu zetu sasa.

Halafu Mugaya akafanya jambo la heshima. Nasema la heshima kwa sababu ndivyo lilivyokuwa, hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Akaizima ile mashine, akaja akaiweka chini mbele ya miguu ya baba.

"Gogo kubwa ni la mwenye binti," akasema. "Kata, mzee, sisi tushuhudie."

Baba akaiangalia. "Asanteni sana wanangu. Mimi nitalikata na hili langu."

"Ni rahisi, mzee. Nitakushikia mkono."

"Najua ni rahisi. Ila hili shoka nikiliachia linaanguka, linatulia. Hiyo yenu sijaizoea." Akatemea mate viganjani, akainua shoka.

Wale rafiki wawili wakacheka, na mmoja akasema, "Mzee ataogopaje kelele na nyumbani ana mabinti wawili?" Watu wakaangua kicheko. Baba pia alicheka. Ulikuwa utani wa ukwe, unaopita kama upepo. Angekata gogo lake kwa shoka, wangemshangilia, yangeisha.

Ila nyuma yangu nikasikia yule msichana wa kisimani anakohoa kile kikohozi cha kuniambia umeona? Nilitaka wakwe wajue kwamba mimi si wa upande huo, wa upande wa shoka. Nikasema kwa sauti, na sauti yangu ilikuwa nyembamba, ilifika mbali:

"Baba mwoga huyo! Hata ziwani haingiagi. Hata baiskeli haipandagi. Mama ndo anamchungaga!"

Hakuna aliyecheka. Magesa aliangalia chini. Mugaya alisema, "Aa, shemeji mdogo, si hivyo," kwa upole. Baba akanigeukia. Nimejaribu miaka yote kukumbuka sura yake na sipati hasira ndani yake. Ningepata hasira ingenisaidia. Aliniangalia kama mtu aliyekutwa bafuni. Halafu akatabasamu, lile tabasamu la kuwatuliza wageni, akaegemeza shoka kwenye ghala.

"Mtoto kasema," akawaambia. "Haya, nionyesheni pa kushika."

Nyuma ya ghala niliona kona ya kanga ya mama. Alikuwa pale, anachungulia. Kwa hiyo alinisikia. Hilo nilijua siku ileile, wala sijawahi kulisahau.

Baba alishika vizuri. Watu wa kazi za mikono wanajifunza haraka. Mugaya alisimama pembeni yake, baadaye akarudi nyuma hatua mbili alipoona mzee anaweza. Mnyororo ukaingia kwenye gogo, vumbi likamrukia baba magotini, na mimi nikawa namwangalia kwa furaha. Nilijiona nimemponya uoga. Alipofika katikati ya gogo, akasimama. Mikono imeshika vilevile, mashine inanguruma vilevile, lakini yeye amesimama tu. Macho yake yalikuwa yameelekea ziwani na midomo inatafuna, polepole, kama mtu anayeonja kitu. Nikafikiri, anaonja raha ya mashine. Ncha ya chensoo ikatoka kwenye gogo, ikaanza kushuka.

Nilikuwa nimeambiwa. Ameganda, macho hayarudi, njoo uniite. Maneno yote nilikuwa nayo. Niliyakumbuka hata, naandika hili kwa shida, niliyakumbuka palepale, nikasema moyoni, ah, hajalewa bwana, na sikutaka kuondoka nikakosa kuona.

Mama hakungoja kuitwa. Alitoka nyuma ya ghala akikimbia, kichwa wazi, kanga imenasa kwenye nguzo ya ghala, akapita katikati ya wakwe zake akiwasukuma kwa mikono. "Mnyang'anyeni! Mnyang'anyeni hicho kitu! Ana kifafa! Baba yao ana kifafa jamani!"

Mugaya alikuwa mwepesi. Alimkumbatia baba kwa nyuma, akapapasa mashine, akaizima. Mnyororo ulikuwa umeshagusa suruali, ukachana kipande cha kitambaa juu ya muundi. Damu haikutoka. Siku ile baba hata hakuanguka. Alipepesa macho, akameza mate, akauliza, "Limekatika?"

Mama alikuwa amekaa chini kwenye vumbi la mti, katikati ya miguu ya wakwe, anashika ile suruali iliyochanika. Dada Nyamisi akaja mbio kutoka uani, mikono imejaa unga wa udaga, ule wa muhogo. Alichokiona ni hicho: mama yetu kichwa wazi mbele ya mchumba wake, na neno kifafa limeshasemwa.

Niseme haki ya watu wa Butiama. Hawakuondoka. Walikata kuni zote, wakazipanga vizuri ukutani, wakala chakula nilichowapelekea mimi, wakaaga kila mtu kwa heshima. Magesa alimshika baba mkono kwa mikono miwili. Ila siku ya ng'ombe ilipofika, ng'ombe hawakuja. Alikuja mshenga peke yake kwa baiskeli, akakaa na baba barazani, mimi nikiwa dirishani.

"Hawamkatai mtu kwa ugonjwa," mshenga akasema. "Wanasema wamefichwa. Na wanasema wajukuu."

"Wana haki kusema hivyo," baba akajibu.

"Mzee, ungesema tu mapema."

"Ningesema mapema, wangefika?"

Mshenga akainuka akachukua baiskeli yake. Siku zile hata kwetu watu waliamini kifafa kinatembea kwenye damu, kwamba hata povu la mgonjwa likikugusa umekwisha. Baba na mama walificha ili mabinti wao waolewe. Wale nao walikuwa wanamlinda kijana wao. Ukiwaweka kwenye mizani wanalingana.

Ndipo mama aliponieleza, siku moja tukiwa tunaosha vyombo, bila kuniangalia. Kwamba kilimwanza baba kabla hajamwoa. Kwamba ndiyo maana ya ziwa, na baiskeli, na moto, na paa. Kazi pekee aliyoiweza ilikuwa ya shoka, kwa sababu kikimjia mkono hauachii, unakaza, na shoka hata ukilikaza halina injini, litaanguka na wewe chini na basi. "Baba yako aliwaza sana kabla hajachagua shoka," akasema. "Si kwamba hakuona mashine." Nikamngoja aseme neno moja juu yangu. Akanipa sufuria nikaiweke juani.

Kuni za sherehe tulizipikia mpaka msimu mwingine. Dada hakuzigusa. Ikiwa zamu yake kupika, alitembea kwenda kuokota vijiti.

Na kwa kuwa siri ilishatoka, baba alianza kwenda zahanati bila kujificha, akapewa vidonge, na vilimsaidia kweli, ikapita hata miezi bila kuanguka. Kuna wakati nimetaka kujifariji na hilo, kwamba kumbe nilimfungulia njia. Nimeliandika mara mbili humu daftarini na mara mbili nimelifuta. Leo naliacha, ila lisihesabiwe kwangu. Sikuwa na nia hiyo. Baba aliendelea na shoka lake mpaka uzee, akafa kwa kifua akiwa kitandani, na hajawahi kunitajia ile siku hata kwa utani.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Dada hakuwepo pale niliposema. Alikuwa uani. Alisikia mashine, akasikia mama anapiga kelele, basi. Na Magesa hawakukutana tena, alioa kwingine. Kwa hiyo Nyamisi alijitengenezea habari yake kwa alichokiona: kwamba baba alishika chensoo kwa hiari yake ili kuwaheshimu wakwe, kwamba alipumzika kidogo tu katikati ya kazi, na mama kwa hofu zake akaenda kumwaga kila kitu. "Baba hakuanguka," alimwambia mama, nikiwepo. "Hakuanguka! Alikuwa amepumzika. Ungenyamaza ningekuwa kwangu sasa hivi."

Mama akasema, "Ndiyo, mwanangu. Nilipiga kelele."

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka kati yao, na mama hakunitupia hata jicho.

Miaka ikaenda. Nyamisi aliolewa Bunda, na mwanaume aliyefiwa na mkewe, mwenye shamba la pamba, mtu mwema lakini mzee. Wana watoto watatu, hakuna hata mmoja mwenye kifafa. Kwa mama alikuja mara chache. Alituma sukari, alituma kitenge, mwenyewe haji. Akija anakaa kwenye kiti karibu na mlango. Watoto wake walimwogopa bibi yao, kama watoto wanavyomwogopa mtu ambaye wamesikia habari zake. Nami kila mwaka nilijiambia, mwaka huu nitasema. Nilipokuwa mtoto niliogopa fimbo. Nilipokua niliogopa aibu. Baadaye niliogopa kwa sababu nilikuwa nimechelewa sana, na kila mwaka uliopita ukawa sababu ya kutosema mwaka unaofuata. Mama alizeeka hivyo.

Siku ya kumzika, kabla jeneza halijafungwa, Nyamisi aliinama akasema kwa sauti ambayo watu wa karibu tuliisikia: "Mama, nimekusamehe." Akina mama wakalia kwa uchungu, wakasema binti ana moyo. Mimi nilikuwa nimemshika mkono asianguke. Nilimshika tu.

Baada ya ile harufu ya hapa Iringo sikulala vizuri. Jana nimepanda gari kwenda Bunda.

Nilimkuta barazani amekaa kwenye turubai anachambua pamba, safi huku, fifi yenye madoa huku. Alinipa kigoda, nikakataa, nikakaa chini naye nikaanza kuchambua. Tuliongea habari za mvua. Halafu nikasema, "Dada, ile siku ya chensoo. Baba hakutaka kuishika."

"Alikuwa anawaheshimu wakwe."

"Aliikataa. Alichukua shoka. Mimi ndiye niliyesema ni mwoga, mbele yao wote. Nikasema na mama anamchungaga. Ndiyo akaishika."

Mikono yake ikasimama. Nikaendelea, kwa sababu nilijua nikisimama sitarudi tena. Nikamwambia mama alikuwa amenituma nimwangalie baba, nimwite yeye taratibu nikimwona ameganda. Nikamwambia nilimwona ameganda, na midomo ikitafuna. "Sikwenda kumwita. Nilitaka kuona. Kama ningekwenda, asingepiga kelele."

"Mama alijua kwamba ni wewe?"

"Alikuwa nyuma ya ghala. Alinisikia."

"Na baba?"

"Baba alikuwa ananiangalia."

Kuku alipanda juu ya pamba, hakumfukuza.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Ningekupiga," akasema. "Ningekupiga siku ileile mpaka mama aje aniondoe juu yako. Halafu ingeisha. Ungekuwa mdogo wangu aliyeropoka." Alikuwa anaongea taratibu tu, kama mtu anayepanga vyombo. "Sasa mimi nimpige nani? Nilimsamehe mama, mdogo wangu. Mbele ya watu. Nilimsamehe kosa gani?"

Nikaanza kulia, akaniambia nisilie kwake. Hakusema kwa ukali. Alisema, "Usilie hapa, tafadhali," nikanyamaza.

Alipoinuka nilidhani ananifukuza. Akakung'uta kitenge chake, akasema, "Jumapili watoto wote wanakuja. Nimewalea nikiwaambia bibi yao alikuwa na mdomo, kwamba aliniharibia. Nimewaambia tangu wananyonya. Utakuja. Utakaa hapo nilipokaa mimi, utawaambia wewe. Mimi sitasema neno."

"Nitakuja."

"Usije ukawaambia ulikuwa mtoto. Hilo wakitaka watasema wenyewe."

Leo ni Ijumaa. Nimeandika tangu asubuhi, na pale juu naona nimeshaandika kwamba nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kwamba kuna siku naona inanitetea. Nilishika kalamu nikate. Nimeacha, ili nione jinsi ninavyoanzaga. Jumapili nitaanza na kisiki kitupu, na mama jikoni akinipa kazi yake nimshikie kwa siku moja.